Bunduki Ileile, Risasi Nyingine: Nusu ya Juu ya Rimfaya na Namna ya Kuijaribu

Ukiona bunduki ya umbo la kijeshi ikifyatuliwa, mlio wake ukatoka mdogo na mkavu, na bega la mpigaji lisitikisike hata kidogo, ni rahisi kudhani kuna ujanja. Wapo wanaosema ni bunduki bandia ya maonyesho. Wapo wanaosema imegeuzwa kinyume cha sheria, kwa sababu habari za siku hizi zimejaa vifaa vinavyoifanya bunduki ya kawaida imwage risasi mfululizo. Na wapo wanaoshikilia kwamba risasi ni ileile ya jeshi, kwa kuwa majina .22 na .223 yote yana ile 22. Hakuna aliyepatia kati yao. Mara nyingi kinachoonekana pale ni bunduki halisi ya aina ya AR-15 iliyovalishwa nusu ya juu nyingine, yenye mtutu na bolti yake, iliyoundwa kwa risasi ndogo ya rimfaya, yaani inayowashwa kwa kugongwa ukingoni.

Ninaliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu moja. Watu wengi wanaopata kifaa hiki hukijaribu kwa boksi moja la risasi, kikifanya kazi wakaridhika na kutangaza kwamba ni kizuri. Jaribio la namna hiyo halithibitishi karibu chochote, na hesabu yake si ngumu kuielewa. Lakini huwezi kujua cha kupima kabla hujajua kinachotendeka ndani ya bunduki, kwa hiyo tuanze chini kabisa.

Risasi yenyewe

Risasi nzima, kabla ya kupigwa, ina vitu vinne: ganda, baruti iliyo ndani ya ganda, kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha, na fataki, yaani ile kemikali inayowaka ikigongwa na kuiwasha baruti. Katika risasi za kijeshi na nyingi za kuwindia, fataki hukaa ndani ya kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Hizo ndizo sentafaya. Rimfaya haina kikombe. Kitako chake kina ukingo mwembamba uliokunjwa na kuacha uwazi ndani, na kiwandani fataki ikiwa bado mbichi husambazwa katika uwazi huo kwa kulizungusha ganda kwa kasi. Pini ya bunduki inapoubonyeza ukingo, fataki husagika na kuwaka.

Muundo huo umedumu kwa muda mrefu. Louis-Nicolas Flobert wa Ufaransa alikuwa na risasi za mtindo huu katika miaka ya 1840, Smith & Wesson wakaleta .22 Short mwaka 1857, na .22 Long Rifle, ambayo ndiyo tunayoizungumzia hapa, ilitoka mwaka 1887 ikihusishwa na kampuni ya J. Stevens ya Marekani. Imedumu kwa kuwa ni nafuu kutengeneza, mlio wake ni mdogo, na haimchoshi mpigaji.

Lakini ina gharama zake mbili, na gharama hizo ndizo chanzo cha karibu kila tatizo litakalojitokeza kwenye jaribio. Kwanza, ukingo lazima uwe mwembamba ili pini iweze kuubonyeza, na ukingo mwembamba hauhimili mgandamizo mkubwa. Kwa viwango vya Marekani, mgandamizo wa juu wa .22 Long Rifle ni paundi 24,000 kwa inchi mraba, ilhali .223 Remington, ndugu wa kiraia wa risasi ya kijeshi ya milimita 5.56, inaruhusiwa hadi 55,000. Pili, fataki isipoenea sawasawa ukingoni, pini ikaangukia mahali pakavu, risasi haiwaki. Hata watengenezaji wazuri hutoa risasi za namna hiyo mara mojamoja.

Sasa, kuhusu zile namba. Kweli, vichwa vya risasi hizi mbili vinakaribiana sana kwa unene, vyote ni kama milimita 5.7. Kufanana kunaishia hapo. Kichwa cha kawaida cha .22 Long Rifle kina uzito wa gramu 2.6 na hutoka mtutuni kwa mwendo wa kati ya mita 320 na 380 hivi kwa sekunde. Kichwa cha gramu 3.6 cha .223 hukaribia mita 1,000 kwa sekunde. Ukifanya hesabu ya nishati, ya pili inabeba karibu mara 10 ya ile ya kwanza. Kwa hiyo anayesema ni risasi ileile amepotoshwa na herufi zilizoandikwa kwenye boksi.

Anayesema basi hiyo ndogo ni ya kuchezea, huyo ana kosa la hatari zaidi. Risasi ya .22 huua. Ikipigwa kwa pembe ya juu husafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na kichwa chake cha madini laini ya risasi hudunda vibaya kikigonga jiwe, maji au ardhi ngumu. Kila kanuni ya usalama inayoihusu bunduki kubwa inaihusu na hii.

Nusu mbili za bunduki

Bunduki ya AR-15 ilibuniwa na Eugene Stoner na wenzake katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950, na haki zake zikauzwa kwa Colt mwaka 1959. Herufi AR zinatokana na jina la ArmaLite. Ni bunduki ya nusu-otomatiki: kila ukivuta triga hutoka risasi moja tu, kisha bunduki yenyewe inatoa ganda tupu na kupandisha risasi mpya. Ya otomatiki huendelea kupiga maadamu umeshikilia triga. Hiyo ndiyo tofauti, na nusu ya juu ya rimfaya haiigusi hata kidogo.

Bunduki hii imegawanyika sehemu mbili zinazoshikana kwa pini mbili. Nusu ya chini ina triga, nyundo, kitufe cha usalama, kitako, na tundu la kuingizia magazini. Nusu ya juu ina mtutu, chemba ambamo risasi hukaa ikipigwa, bolti inayoifunga chemba kwa nyuma, na vioo au vilengeo. Ukisukuma pini hizo mbili, nusu ya juu inatoka mzima mzima, na nyingine inaingia bila vifaa maalumu.

Njia za kupigia rimfaya kwenye bunduki hii ni mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kubadilisha bolti peke yake: unaacha mtutu wa 5.56 mahali pake, unaweka bolti ya rimfaya yenye kipande cha mbele kinachojaza chemba kubwa. Jeshi la Marekani lilikuwa na kifaa cha aina hiyo kwa bunduki yake ya M16 kilichoitwa M261, kikiwa na viwekeo vya risasi 10 vya kuingia ndani ya magazini ya kawaida, ili askari wajifunze kwa gharama ndogo na kwenye viwanja vifupi. Ya pili ni nusu ya juu nzima, yenye mtutu wake uliotengenezwa kwa .22 tangu mwanzo. Kwa nini mtu ahangaike na nusu nzima wakati bolti tu ingetosha? Sababu kubwa ni mifereji ya ndani ya mtutu inayokizungusha kichwa cha risasi ili kisipepesuke. Mtutu wa .22 kwa kawaida humaliza mzunguko mmoja katika inchi 16, yaani sentimita 40 hivi. Mitutu ya 5.56 huzungusha haraka zaidi, mara moja kwa inchi 7 hadi 9, kwa ajili ya vichwa virefu. Kichwa kifupi cha .22 kinapita humo na kitafika, lakini usahihi wake mara nyingi hupungua. Isitoshe, kikitoka kwenye kile kipande cha kujazia hubidi kiruke uwazi kabla ya kukutana na mifereji.

Kwa nini haitumii gesi

Hapa ndipo moyo wa jambo ulipo, na ukipaelewa, matokeo ya jaribio hayatakushangaza tena.

Kwenye 5.56, bolti hujifunga kwa meno kabla ya risasi kuwaka. Haiwezi kufunguka mpaka kichwa kimekwenda mbali mtutuni na sehemu ya gesi imerudishwa nyuma kupitia bomba jembamba kuizungusha na kuifungua. Risasi ya .22 haina gesi ya kutosha kuendesha mtambo huo. Kwa hiyo nusu ya juu ya rimfaya huacha bomba na meno yote. Bolti yake ni kama mlango mzito usio na komeo, unaoegemezwa na springi. Anayeusukuma kwa ndani atafanikiwa kuufungua, ila uzito unauchelewesha, na katika kuchelewa huko kichwa cha risasi kinakuwa kimeshatoka mtutuni na mgandamizo umeshuka. Kisha ganda lenyewe ndilo linaloisukuma bolti nyuma.

Tazama matokeo yake. Nguvu yote ya kuendesha bunduki inatokana na msukumo wa ganda moja dogo. Risasi ikiwa dhaifu kidogo, bolti inarudi nusu ya safari. Chemba ikiwa na uchafu, ganda linang'ang'ania na kula sehemu ya msukumo. Springi ikiwa ngumu kuliko inavyofaa, yaleyale. Bunduki ya gesi ina akiba kubwa ya nguvu ya kuyashinda mambo madogo kama hayo. Hii haina akiba. Ndiyo maana nasema kifaa hiki hakipimwi peke yake. Unachopima ni nusu ya juu, aina ya risasi na magazini, vikiwa vimeungana, na kila kimoja kinaweza kumsingizia mwenzake.

Jambo moja zaidi la ndani: katika miundo mingi, springi ya kurudisha bolti imo ndani ya nusu ya juu yenyewe. Ile springi kubwa iliyo kwenye kitako cha bunduki haisogei. Anayebadilisha springi ya kitako akitumaini kutibu rimfaya inayokwama anatibu kidole wakati jino ndilo linalouma.

Sheria inasemaje

Nitapita hapa haraka kwa kuwa kila nchi ina yake, lakini mkanganyiko ni mkubwa mno kuuacha. Marekani, sheria ya serikali kuu huihesabu nusu ya chini ya AR-15 kuwa ndiyo bunduki, nayo ndiyo yenye namba ya usajili. Nusu ya juu ni sehemu tu. Katika Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mwaka 2021 yanahesabu mtutu, bolti, na mwili wa bunduki, wa juu na wa chini, kuwa sehemu muhimu zinazodhibitiwa. Uingereza ilipiga marufuku bunduki za nusu-otomatiki za sentafaya mwaka 1988, baada ya mauaji ya Hungerford ya mwaka uliotangulia, ikaziacha za rimfaya ya .22 chini ya leseni. New Zealand nayo, ilipobadili sheria mwaka 2019 baada ya shambulio la Christchurch, iliacha nafasi kwa rimfaya za .22 zenye magazini isiyozidi risasi 10.

Usiiparamie nafasi hiyo. Kuruhusiwa kwa bunduki iliyozaliwa rimfaya hakuna maana kwamba ukiivalisha bunduki iliyokatazwa nusu ya juu ya rimfaya inageuka halali. Nusu ya chini inabaki ileile machoni pa sheria. Na vile vifaa vya kuigeuza bunduki kuwa ya otomatiki ni jambo jingine kabisa: Marekani, kifaa cha aina hiyo kikiwa peke yake mfukoni tayari kinahesabiwa kuwa bunduki ya mfululizo.

Kabla ya risasi ya kwanza

Sasa jaribio. Hatua ya kwanza hufanyika bila risasi hata moja karibu. Magazini nje, bolti nyuma, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, kisha tazama mtutu kutoka mwanzo hadi mwisho kuhakikisha hakuna kitambaa, mafuta mengi au kizuizi chochote. Safisha mafuta ya kiwandani, weka mafuta mepesi kwenye reli za bolti. Hakikisha pini zote mbili zimeingia hadi mwisho. Vuta mpini wa kukokia mara kadhaa na usikilize: bolti iende na kurudi bila kukwaruza wala kusita.

Angalia nyundo ya nusu ya chini. Baadhi ya nyundo za zamani zina mkato kichwani, na bolti ya rimfaya inaweza kunasa hapo. Triga zilizofungwa springi laini ili zivutike kwa wepesi nazo huleta shida, kwa kuwa nyundo hupiga kwa nguvu ndogo, na ukingo wa rimfaya unahitaji pigo la uhakika. Ukiwa na triga ya namna hiyo na risasi zikawa haziwaki, usianze kumlaumu aliyetengeneza nusu ya juu.

Usifyatue bunduki tupu kama mtengenezaji hajaruhusu. Kwenye rimfaya nyingi, pini isipokuta ukingo wa ganda huweza kugonga mdomo wa chemba, na chemba iliyobonyea huzaa matatizo yasiyoisha. Soma pia maandishi kwenye mtutu na kwenye boksi. Kuna .22 Short, .22 Long, .22 Long Rifle na .22 Magnum, na hazibadilishani tu kwa sababu zina namba moja mwanzoni.

Miwani na kinga ya masikio ni lazima, hata kama mlio ni mdogo. Kwenye bolti isiyo na komeo, risasi ikiwaka kabla bolti haijafunga vizuri, ganda hupasuka na vipande vyake na gesi hutokea kwenye dirisha la kutolea maganda, karibu kabisa na uso. Anayelengea bega la kushoto azingatie hilo zaidi, maana dirisha liko upande wa usoni kwake.

Risasi moja, mbili, tano

Mara ya kwanza weka risasi moja tu kwenye magazini. Piga, angalia ganda limetoka vipi. Kisha mbili. Ya mbili ina kazi maalumu: kama bunduki ina hitilafu ya kupiga mara mbili kwa mvuto mmoja, itaonekana hapo, nawe hutakuwa na risasi nyingine nyuma yake. Halafu tano, halafu magazini nzima. Mtu anayeanza na magazini iliyojaa kwenye bunduki aliyoiunganisha dakika chache zilizopita anacheza na hatari isiyo na faida yoyote.

Jifunze milio. Risasi ikitoa sauti ya chini isiyo ya kawaida, bolti ikashindwa kurudi, simama. Huenda baruti haikuwaka sawasawa na kichwa kimebaki ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, tazama mtutu kabla ya kuendelea. Na ukivuta triga kusitokee kitu, shikilia bunduki ikielekea kwenye shabaha kwa sekunde 30, kwa sababu kuna risasi zinazochelewa kuwaka.

Hapo ndipo kalamu na daftari vinaanza kazi, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo linalomtofautisha anayepima na anayejifurahisha. Kila hitilafu iandikwe kwa aina yake. "Ilikwama mara kadhaa" si taarifa.

Risasi isiyowaka: itoe kwa usalama na utazame alama ya pini ukingoni. Alama ikiwa ya kina na wazi, na hitilafu ikawa inatokea kwa aina moja tu ya risasi, shuku fataki. Alama ikiwa hafifu kwenye risasi za aina mbalimbali, shuku nyundo, pini, au bolti isiyofunga hadi mwisho.

Ganda lililonaswa dirishani likiwa limesimama, au bolti iliyopita juu bila kuchukua risasi mpya: kwa kawaida bolti haikurudi nyuma ya kutosha. Shuku risasi dhaifu au uchafu. Risasi mpya iliyopiga pua chini ya mdomo wa chemba: mara nyingi ni magazini. Hapa lipo kosa la kawaida la kutoziwekea magazini namba. Ukiwa na magazini tatu zinazofanana, moja ikiwa na mdomo uliopinda, utalaumu bunduki kwa muda mrefu kwa kosa la kipande cha plastiki. Ziandike 1, 2, 3 na uone kama hitilafu inaifuata namba fulani.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha risasi na magazini na mafuta kwa pamoja, tatizo likaisha, hujajua lililoliondoa.

Kitu kimoja ambacho watu hukiita hitilafu nacho si hitilafu: baada ya risasi ya mwisho, nusu nyingi za rimfaya haziachi bolti wazi. Unavuta triga na kusikia nyundo ikigonga patupu. Hiyo ni tabia ya muundo, ingawa ipo miundo na magazini zinazoishughulikia. Ubaya wake ni kwamba mpigaji hawezi kujua bunduki ni tupu kwa kuitazama tu, kwa hiyo kila mara avute bolti na kuangalia chemba.

Hesabu ya uaminifu

Umepiga risasi 50, zote zimewaka, hakuna kilichokwama. Umethibitisha nini?

Wataalamu wa takwimu wana kanuni rahisi: ukijaribu kitu mara kadhaa bila kushindwa hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio, na utapata kiwango cha juu cha kushindwa ambacho bado kinawezekana, kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa risasi 50, 3 kugawanya kwa 50 ni asilimia 6. Yaani boksi lako lililopita bila doa bado linakubaliana na bunduki inayokwama mara 6 katika kila risasi 100, na bunduki ya hivyo hakuna mtu angeiita nzuri. Ukifikisha 300 bila hitilafu, kiwango kinashuka hadi asilimia 1. Kwa 1,000, ni asilimia 0.3.

Na hesabu hiyo inahusu aina moja ya risasi tu. Huwezi kujumlisha 100 za aina hii na 200 za ile kana kwamba ni jaribio moja, maana tumeshaona risasi ndiyo injini ya mtambo wote. Chukua aina chache, ikiwemo ya mwendo kasi, ya kawaida, na ile iliyo chini ya mwendo wa sauti, kila moja na ukurasa wake. Ya kasi ina nafasi kubwa ya kuendesha bolti vizuri. Ya chini ya mwendo wa sauti itakwama kwenye bunduki nyingi za aina hii, na hilo lisikufadhaishe.

Usahihi

Hapa kuna mvutano ambao hauna suluhisho la kumridhisha kila mtu. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa ya nyuzi 20. Kichwa cha risasi kinachoanza juu ya mwendo huo na kushuka chini yake njiani hupita kwenye msukosuko wa hewa unaoweza kukiyumbisha. Ndiyo maana risasi za mashindano za .22 hutengenezwa zianze chini ya mwendo wa sauti. Lakini bolti isiyo na komeo mara nyingi inapenda zile za kasi. Risasi inayopiga vizuri zaidi inaweza kuwa ndiyo inayokwama, na inayoendesha bunduki bila kusita ikawa ndiyo inayotawanya matundu. Mpimaji mwaminifu ataripoti yote mawili na kumwachia mtumiaji achague.

Pima ukiwa umeegemeza bunduki, siku isiyo na upepo mkali, kwa mita 25 za kurekebisha vilengeo na 50 za kupima. Piga makundi ya risasi 10, si 3. Kundi la risasi tatu karibu kila mara litaonekana dogo kwa sababu tu halijapata nafasi ya kutawanyika. Na ripoti makundi yote. Kuchagua lililo zuri kuliko yote na kuliita uwezo wa bunduki ni kumdanganya msomaji, hata kama picha haijaguswa.

Ukiwa na kipima mwendo, angalia tofauti kati ya risasi na risasi kuliko wastani wake. Kati ya inayotoka kwa mita 325 na inayotoka kwa mita 340 kwa sekunde, tofauti ya kushuka ni takriban sentimita moja kwa mita 50, na karibu nne kwa mita 100. Kundi lililorefuka wima huenda linaeleza habari za boksi la risasi, si za mtutu. Upepo nao huisukuma .22 kwa urahisi, kwa hiyo mtawanyiko wa ubavuni hauhukumiwi bila kujua hali ya hewa ya siku hiyo.

Vilengeo vilivyorekebishwa kwa 5.56 havifai kwa .22 na kinyume chake. Rimfaya iliyorekebishwa kwa mita 50 inakuwa imeshuka sentimita 15 au zaidi ifikapo mita 100. Faida kubwa ya nusu nzima juu ya kubadilisha bolti tu inaonekana hapa: vilengeo vyake hukaa juu yake, vikirekebishwa mara moja vinabaki hivyo hata ukiitoa na kuirudisha.

Uchafu, na kurudi kwenye 5.56

Vichwa vya .22 vingi ni madini ya risasi matupu yaliyopakwa nta au mafuta, au yaliyovishwa ngozi nyembamba ya shaba. Vikichanganyika na masizi ya baruti hufanya utandu mweusi unaonata, na bolti isiyo na komeo huurudisha mwingi ndani ya mwili wa bunduki. Kwa hiyo jaribio lisiishie bunduki ikiwa safi. Endelea bila kusafisha mpaka hitilafu zianze, uandike zilianza kwenye risasi ya ngapi. Namba hiyo itamfaa mtumiaji kuliko sifa yoyote, kwa sababu inamwambia asafishe kila baada ya muda gani.

Madini ya risasi ni sumu, na fataki nyingi za rimfaya nazo zina mchanganyiko wake. Kwenye uwanja wa ndani usio na hewa nzuri, vumbi hilo huingia mapafuni. Usile wala kuvuta sigara ukipiga, nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni ukimaliza, na nguo za uwanjani zifuliwe mbali na za watoto.

Ukiirudisha nusu ya 5.56, usafi wa nusu ya chini usisahaulike, maana masizi ya .22 yameshuka hadi kwenye triga. Aliyetumia bolti ya kubadilishia ndani ya mtutu wa 5.56 ana kazi zaidi: aisafishe chemba na mtutu vizuri kabla ya kuweka risasi kubwa, kwa sababu mabaki ya madini hujijenga pale kile kipande cha kujazia kinapoishia. Na yote uliyoyaandika kwenye daftari kuhusu kukwama na kutokukwama hayahusiani na nusu ya 5.56, yenye mtutu, bolti na mtambo mwingine. Hiyo itahitaji daftari lake, na risasi zake za kujaribia.